Kubeba Shoka, Panga na Vifaa Vingine vya Kukatia Kuni: Mwongozo kwa Wakazi wa Dodoma na Kanda ya Kati

Anayekwenda kutafuta kuni katika vijiji vya Chamwino, Bahi au Chemba hukata kwa muda mfupi na kutembea kwa muda mrefu. Miti mikavu iliyokuwa karibu na makazi imekwisha zamani katika maeneo mengi, na safari ya saa moja au mbili kwenda, kisha zaidi ya hapo kurudi na mzigo, ni jambo la kawaida. Katika mwendo huo wote shoka lipo begani au mkononi, na makali yake ni yale yale yanayokata mkulagembe, ule mti mgumu.

Nimekulia katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino, na jeraha baya kuliko yote niliyoyaona porini halikutokea wakati wa kukata. Mama yangu mdogo alikuwa amejitwisha mzigo, panga likiwa limechomekwa kati ya kuni kama ilivyokuwa desturi, na alipoinama kupita chini ya tawi la mgunga panga hilo lilichomoka na kumwangukia juu ya kifundo cha mguu. Tulimfunga kwa kanga tukambeba hadi zahanati, na hadi leo hutembea kwa kuchechemea. Ndiyo maana mwongozo huu unashughulikia ubebaji zaidi kuliko ukataji, na ndiyo maana sehemu inayohusu kurudi nyumbani ni ndefu kuliko nyingine.

Hatua ya kwanza: Jua unakokwenda kabla ya kuchagua vifaa

Anza kwa kuuliza ruhusa, kwa sababu jibu utakalopewa ndilo litakaloamua ubebe nini. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inatambua misitu ya hifadhi ya taifa, misitu ya serikali za mitaa, misitu ya vijiji na misitu ya watu binafsi, na kila mmoja una mwenyewe wa kuulizwa. Kwa msitu wa kijiji, mwone afisa mtendaji wa kijiji au kamati ya maliasili. Sheria ndogo za kijiji zinaweza kuruhusu kuokota kuni kavu kwa mikono na panga huku zikikataza shoka na msumeno, na mtu atakayekutwa na shoka mahali hapo atakuwa na maelezo magumu ya kutoa, hata kama hajakata kitu. Ndani ya pori la akiba, kama lile la Swagaswaga, usiingie kabisa bila kibali. Ukipewa kibali cha maandishi, kikunje ndani ya mfuko wa nailoni na ukiweke mahali ambapo jasho na maji ya dumu hayatakifikia.

Kisha uliza kuhusu njia. Kwenye njia inayopita tambarare ya mbuga ya Bahi vifaa hubebwa kwa namna tofauti na kwenye njia inayopanda majabali au inayokatiza makorongo ya Kondoa. Msimu nao una uzito wake: kati ya Desemba na Aprili korongo lililokuwa na mchanga mkavu asubuhi linaweza kujaa maji ya mvua iliyonyesha mbali, na mtu mwenye shoka mkononi na mzigo kichwani hapaswi kujaribu kuvuka maji yanayokwenda kwa nguvu, hata kama yanaonekana kuishia magotini.

Hatua ya pili: Chagua vifaa vichache

Kila kifaa unachokwenda nacho utarudi nacho, na utakaporudi utakuwa umeongeza kuni. Kwa mtu mmoja anayekwenda kukata kuni kavu za matumizi ya nyumbani, vinatosha shoka moja au msumeno wa upinde mmoja, panga moja, kamba mbili, ngata, tupa ndogo, maji, na furushi la huduma ya kwanza. Shoka lenye mpini wake huwa na uzito wa takribani kilo 1.5 hadi 2, panga huwa na karibu nusu kilo, na msumeno wa upinde mara nyingi haufiki kilo 1.5. Maji ndiyo mazito kuliko vyote: mtu mzima anayefanya kazi ya jua la Dodoma kuanzia alfajiri hadi karibu na saa 5 asubuhi anahitaji lita 3 au zaidi, nazo ni kilo 3. Jambo hili lina faida moja ambayo nitairudia baadaye, kwa kuwa maji hayo yatakuwa yamekwisha wakati wa kurudi na nafasi yake mkobani itakuwa wazi.

Kati ya shoka na msumeno, ningependekeza msumeno kwa anayejifunza na kwa yeyote anayekata matawi makavu yasiyozidi unene wa mkono. Msumeno hauhitaji kuinuliwa juu ya kichwa, haurushi vipande, na ukifunikwa meno yake hubebeka kwa usalama kuliko shoka. Shoka linabaki kuwa la lazima pale penye visiki na magogo ya kupasua. Usibebe vyote viwili peke yako; mkiwa wawili, gawaneni.

Viatu navyo ni vifaa. Katambuga ni imara na haziharibiki upesi, lakini zinaacha vidole na kifundo cha mguu wazi, na miba ya mgunga hupenya hata soli nene ya raba. Mabuti ya mpira au ya ngozi yanayofunika kifundo yanafaa zaidi, kwa ajili ya miba, kwa ajili ya nyoka kama kifutu ambaye hulala njiani bila kukimbia, na kwa ajili ya chuma kinachoanguka.

Hatua ya tatu: Kagua mpini usiku wa kuamkia safari

Mashoka yetu ni ya namna mbili. Lipo shoka la mhunzi, ambalo msuka wake, yaani ile ncha ya chuma ya nyuma, hupenya katika tundu lililotobolewa kwa chuma cha moto kwenye kirungu cha mpini; na lipo shoka la dukani, ambalo mpini ndio unaoingia katika tundu la chuma na kukazwa kwa kabari. Shoka la mhunzi hujikaza kila linapopigwa kwenye mti, lakini linapobebwa bila kupigwa huweza kulegea, hasa katika miezi ya kiangazi ambapo hewa ni kavu na mti wa mpini husinyaa. Shoka la dukani nalo, likilegea, kichwa chake huruka kuelekea mbele wakati wa kukata au huteleza likiwa begani.

Likamate shoka kichwa kikiwa juu na ugonge kitako cha mpini chini mara mbili tatu. Ukisikia mlio wa kucheza, au ukiona chuma kimesogea hata kidogo, usiende nalo hivyo hivyo. Wengi hulowesha kichwa cha shoka katika ndoo ya maji usiku kucha. Njia hiyo husaidia kwa siku moja tu, kwa sababu mti unaovimba huku umebanwa na chuma husagika nyuzi zake, na ukikauka huwa mwembamba kuliko mwanzo. Baada ya kuloweshwa mara nyingi, mpini huwa hauaminiki tena. Ni bora kuchonga kabari mpya ya mti mkavu na kuipigilia, na kwa shoka la mhunzi kuuzungushia msuka ukanda mwembamba wa ngozi kabla ya kuuingiza tena. Mpini mzima ukipakwa mafuta ya alizeti mara kwa mara, na hayo Dodoma na Singida hayakosekani, hausinyai wala kupasuka upesi. Ukiona ufa unaofuata urefu wa mpini, badilisha mpini. Mpini uliofungwa waya au mpira juu ya ufa unafaa kuegemezea mlango, haufai kukatia kuni.

Noa nyumbani, kwenye mwanga wa kutosha, ili porini tupa itumike kwa kurekebisha tu. Kifaa butu huhitaji nguvu nyingi, na nguvu nyingi ndizo zinazokifanya kiteleze juu ya gome na kuja mguuni.

Hatua ya nne: Tengeneza ala kwa kila chenye makali

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji asiharakishe. Nimeona watu wakifunga shoka kwa gazeti, kwa kipande cha khanga au kwa kiroba kilichozungushwa mara moja, wakiamini wamelifunika. Shoka lililonolewa vizuri hupenya vitu hivyo kwa uzito wake wenyewe tu, na hatari huongezeka kwa sababu mbebaji anakuwa amejiaminisha kwamba yu salama.

Ala nzuri ya shoka inaweza kutengenezwa kwa ngozi kavu ya ng'ombe au kwa mpira wa pembeni wa tairi kuukuu, ule ule wanaoutumia mafundi wa katambuga. Laza shoka juu ya boksi, chora umbo la kichwa chake, kisha ongeza upana wa kidole kimoja upande wa makali. Kata vipande viwili vinavyolingana na umbo hilo. Kata na ukanda wa tatu, wenye upana wa kidole, wa kukaa katikati ya vile vipande viwili pale makali yanapofikia. Ukanda huo wa katikati ndio siri ya kazi yote: makali hugota kwenye ukanda na hayafikii uzi, ilhali ala iliyoshonwa bila ukanda hukatwa uzi wake ndani ya wiki chache na kufunguka bila mtu kutambua. Shona tabaka zote tatu kwa uzi wa nailoni, kwa kutoboa matundu kwanza kwa msumari au msharasi. Kama huna mkono wa kushona, fundi viatu yeyote wa sokoni ataimaliza kazi hiyo kwa muda mfupi. Mwisho, funga ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli unaozunguka nyuma ya kichwa cha shoka na kurudi kushika ala, uliovutwa kiasi cha kukaza. Itikise ala ikiwa imegeuzwa chini. Isipotoka, imekamilika.

Kwa panga, bomba la plastiki lenye urefu unaozidi kidogo ule wa bapa linafaa sana. Lipashe moto nje, mahali penye upepo, hadi lilainike. Kisha libane kati ya mbao mbili hadi libaki pengo la kuingiza panga, na uache lipoe. Toboa tundu moja karibu na mdomo wake ili upitishe kamba ya kufungia mshikio. Msumeno wa upinde ni rahisi kuliko vyote: chukua mpira wa kumwagilia bustani, upasue kwa urefu, uuvishe juu ya meno, na uufunge kwa kamba sehemu tatu.

Ngozi hushika unyevu na kusababisha kutu, kwa hiyo usilaze shoka ndani ya ala ya ngozi kwa siku nyingi bila kulipaka mafuta.

Hatua ya tano: Panga mkoba

Tumia mkoba wa mgongoni wenye mikanda miwili, hata kama ni wa kushonwa kwa turubai au kiroba kizito. Mkoba wa bega moja huyumba, na mtu anayetembea juu ya mawe anahitaji mwili wake usivutwe upande. Maji yakae karibu na mgongo, katikati, kwa kuwa ndiyo mazito. Kamba zikunjwe na kuwekwa chini. Tupa izungushiwe kitambaa kikavu peke yake, kwa sababu meno yake huvunjika inapogongana na chuma kingine, na ncha yake isiyo na mpini huchoma kama msumari. Juu kabisa, mahali ambapo mkono utafika bila kufukua, liwekwe furushi la huduma ya kwanza: bandeji pana mbili, pamba au kitambaa safi cha kukandamizia jeraha, glovu, na sabuni kidogo. Kidonda kinachotoa damu nyingi hukandamizwa kwa nguvu bila kuachia, na dakika zinazopotea kwa kumwaga mkoba chini kutafuta bandeji ni nyingi mno. Simu iwe imechajiwa, na iwe na namba ya mtendaji, ya zahanati, na ya dereva wa bodaboda anayeijua njia ya huko mnakokwenda.

Panga na shoka havikai ndani ya mkoba wakati wa kwenda. Panga likae kiunoni ndani ya ala yake, upande usio na mkono unaotumia zaidi, likiwa limefungwa mahali pawili ili lisining'inie na kugonga goti.

Hatua ya sita: Namna ya kutembea na shoka

Picha tuliyoizoea ni ya mtu mwenye shoka begani, kichwa cha shoka kikiwa nyuma ya shingo. Ni picha nzuri lakini ni mbebo mbaya. Ukijikwaa, mkono huachia mpini ili kujikinga, na chuma hushuka kwenye shingo au mgongo; na mtu anayekufuata, akikugusa kwa bahati mbaya, hukutana na makali usawa wa uso wake.

Beba shoka mkononi, mkono ukiwa umening'inia kando ya mwili, vidole vimeshika mpini mara tu chini ya kichwa cha shoka, makali yakitazama mbele na kidogo chini, na mpini ukielekea nyuma. Kwa namna hiyo unajua kila wakati makali yako wapi. Unapopita kando ya mlima, lihamishie kwenye mkono wa upande wa bondeni, ili ukiteleza uangukie mlimani na shoka litupwe bondeni. Ukihisi unaanguka, litupe mbali nawe papo hapo, usijaribu kuliokoa. Mkono wa pili ubaki mtupu siku zote.

Mkiwa kundi, tembeeni mmoja nyuma ya mwingine mkiachana hatua 4 au 5. Umbali huo hulinda pia dhidi ya matawi ya miba yanayosukumwa na wa mbele na kurudi kwa kasi. Watoto, kama ni lazima waje, wasitembee mara tu nyuma ya mwenye shoka, wala wasikabidhiwe panga "kidogo tu" wakati mkubwa anafunga kiatu.

Mnapofika kwenye korongo lenye kuta za udongo, vifaa vishushwe kwanza. Mmoja ateremke mikono mitupu, kisha apokee shoka kwa kupewa mpini, na anayetoa asiachie hadi anayepokea aseme kwamba amelishika. Tukiwa wadogo tulifundishwa kusema neno "nimepata" kabla mwenzako hajaachia, na sijaona sababu ya kuliacha zoezi hilo utu uzimani.

Hatua ya saba: Mahali pa kuweka vifaa mnapokata

Chagueni mti mmoja ulio wazi, ulio nje ya eneo ambako matawi yataangukia, uwe ndiyo kituo cha vifaa. Kabla ya kutua mizigo, tazameni juu. Kanda ya Kati ni nchi ya asali, na mizinga ya magogo hutundikwa kwenye miti mikubwa. Nyuki hukasirishwa na mtikisiko wa shoka, na kundi lililokasirika humfuata mtu mbali. Ukiona mzinga, au nyuki wakiingia na kutoka kwenye pango la mbuyu, sogea mbali zaidi. Mtazame pia mnyaa, kwa sababu utomvu wake mweupe ukiruka machoni huunguza vibaya, na panga lililoukata huhamisha utomvu huo hadi kwenye mikono ya atakayelishika baadaye. Lifute kwa mchanga na majani kabla ya kulirudisha kwenye ala.

Tundika mkoba kwenye tawi badala ya kuulaza chini, ili nge na nyoka wasiufanye kivuli chao. Kifaa kisichotumika kirudishwe kwenye ala, au kilazwe chini ya gogo makali yakitazama ndani. Shoka lisiegemezwe kwenye mti, wala panga lisichomekwe wima ardhini, kwa sababu mtu anayerudi nyuma huku akiburuta tawi halioni. Wapo wanaopigilia shoka kwenye shina la mti mbichi kama mahali pa kulihifadhi. Mti hujeruhika bure, na shoka likianguka huanguka kutoka juu. Funga kipande cha kitambaa chekundu au cha rangi ya machungwa kwenye kila mpini. Panga lililoangukia kwenye nyasi kavu za Agosti lina rangi ile ile ya nyasi, na mara nyingi anayeligundua hulikanyaga.

Kuhusu chenso, yaani msumeno wa injini, nitasema machache, kwa kuwa si chombo cha kuni za nyumbani. Ikibidi kubebwa, injini iwe imezimwa hata kwa mwendo wa hatua chache, mnyororo uvishwe kifuniko, bapa lielekee nyuma, na sehemu ya ekzosi ikae mbali na mwili. Mafuta yabebwe na mtu mwingine.

Hatua ya nane: Kurudi na mzigo

Sasa umechoka, jua limepanda, mikono yako inashika mzigo kichwani, na macho yako hayawezi kutazama miguu. Huu ndio wakati ambao watu wengi huchomeka panga na shoka katikati ya kuni baada ya mzigo kufungwa, na huo ndio mtindo ninaokusihi uuache. Kuni kavu husogea zinapotembea. Kamba iliyokaza wakati wa kufunga hulegea baada ya nusu saa, nafasi huongezeka, na kitu laini kama bapa la panga huteleza kabla ya kuni zenyewe, kwa kuwa kuni zina vifundo na magome yanayoshikana na bapa halina.

Kwa mwenye shoka la mhunzi, ipo njia safi kuliko zote. Gonga upande wa nyuma wa msuka kwa ubao ili chuma kitoke kwenye mpini. Kivishe ala, kiweke ndani ya mkoba mahali palipokuwa na maji, na mpini uufunge pamoja na kuni kama kuni mojawapo. Hakuna makali tena kwenye mzigo, na hilo ni jambo ambalo shoka la dukani haliwezi kukupa. Mkoba wenyewe ubaki mgongoni huku mzigo ukiwa kichwani.

Mwenye shoka la dukani alivishe ala kwanza, kisha alilaze kati ya kuni kabla ya kufunga, wakati fungu bado liko wazi. Kichwa cha shoka kitokeze upande wa nyuma wa mzigo na kamba ya nyuma ikae mara tu mbele ya kichwa hicho, ili shoka lisiweze kuteleza kuelekea usoni. Kisha kipande kingine cha kamba kizungushwe juu ya kichwa cha shoka na kufungwa kwenye fungu, ili lisiweze kutoka kwa nyuma. Kamba ya mpira wa ndani wa tairi inafaa kuliko ya katani kwa kazi hii, kwa sababu huendelea kubana hata kuni zikipungua unene kwa kusogea. Panga lirudi kiunoni ndani ya ala yake, kama lilivyokuja.

Mkiwa watatu au zaidi, napendelea zaidi utaratibu wa mmoja kubeba vifaa vyote pamoja na mzigo mdogo wa kuni, na wenzake kubeba kuni tupu, kisha siku inayofuata zamu ihamie kwa mwingine. Mbeba vifaa hutembea wa mwisho. Kabla ya kuondoka, huvihesabu kwa sauti, na wenzake husikia.

Uzito wa mzigo wenyewe ni sehemu ya usalama wa vifaa. Mti mbichi hubeba maji yanayoweza kufikia theluthi moja ya uzito wake au zaidi, kwa hiyo mtu anayebeba kuni mbichi anabeba maji asiyoyahitaji, shingo inachoka mapema, na mtu aliyechoka hubwaga mzigo badala ya kuutua. Mzigo unaobwagwa wenye shoka ndani hudunda, na hakuna ajuaye shoka litatokea upande gani. Utue kwenye panda ya mti iliyo usawa wa kichwa, au usaidiwe na mwenzako kwa mikono miwili, na watoto wakae mbali hadi mzigo utulie.

Kwa mwenye baiskeli, kuni hukaa kwenye keria zikiwa zimelazwa kukingama, na vifaa hufungwa kwa kufuata bomba la juu la fremu, ndani ya ala, vichwa vikielekea nyuma na mbali na goti. Beba pampu na viraka, kwa sababu mbigili za njia zetu hazimwachi mtu, na kuegemeza baiskeli yenye mzigo ili kuziba pancha ni rahisi zaidi kama shoka haliko juu ya mzigo. Kwa mwenye punda, punda wetu wengi ni wadogo, na mzigo wa kilo 40 hadi 50 unawatosha. Sogi, yaani mifuko ya mzigo inayoning'inia ubavuni mwa punda, zilingane pande zote mbili, na chini yake pawe na matandiko manene ya gunia lililojazwa nyasi. Shoka lisikae kati ya sogi na ubavu wa mnyama hata likiwa na ala, kwa kuwa kichwa cha chuma humchubua kila hatua na kidonda chake huchukua majuma kupona. Likae juu, kichwa nyuma, au libebwe na mwenye punda mwenyewe. Kwenye mkokoteni, vifaa vitangulie kupakiwa na kulazwa ubavuni mwa ubao wa mbele, kisha kuni zipangwe bila kuvifukia. Kwenye bodaboda, abiria asishike shoka mkononi kwa hali yoyote.

Hatua ya tisa: Kufika nyumbani

Vitoe vifaa kwanza, kabla ya kufungua mzigo, kwa sababu watoto hukimbilia kuni kuzipokea na mikono yao huingia kati ya fungu bila kutazama. Vihesabu tena. Toa kila kimoja kwenye ala, kifute, na ukipake mafuta kidogo kwenye chuma. Ala ianikwe kivulini hadi kesho. Kagua uzi wa ala kwa kuupitisha kidole, na kama umekatika hata mahali pamoja, ushonwe siku hiyo hiyo. Chuma cha shoka la mhunzi kirudishwe kwenye mpini wake usiku wa kuamkia safari, wakati wa kukagua mpini, si kabla. Vifaa vyote vitundikwe kwenye boriti au msumari ulio juu kuliko mkono wa mtoto mkubwa wa nyumba, makali yakielekea ukutani.